Mvutano wa Brexit: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kura ilipigwa mwaka 2016, Uingereza ikatoka rasmi kwenye Umoja wa Ulaya mwaka 2020, na bado ukiitaja Brexit, yaani huko kujitoa, mbele ya Waingereza hukosi wa kununa. Ukurasa huu ni wa msomaji aliyezisikia habari hizi vipande vipande na sasa anataka kujua ugomvi wenyewe ulikuwa wa nini. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe halifupiki.

Hasa wapiga kura waliulizwa nini?

Tarehe 23 Juni 2016 kila mpiga kura alipewa karatasi yenye swali moja: je, Uingereza ibaki kuwa mwanachama wa Umoja wa Ulaya, au ijitoe? Chini yake visanduku viwili, weka alama kwenye kimoja, basi. Waliotaka kujitoa walikuwa 17,410,742, sawa na asilimia 51.9. Waliotaka kubaki walikuwa 16,141,241, asilimia 48.1. Waliojitokeza walifika asilimia 72, kiwango ambacho uchaguzi mkuu wa nchi hiyo ulikuwa haujakifikia tangu 1992.

Sasa tazama kisichokuwemo kwenye karatasi ile. Kubaki kulijulikana: mambo yaendelee yalivyo. Kujitoa kulikuwa na sura nyingi. Nchi inaweza kuwa nje ya Umoja lakini ndani ya soko la pamoja, ambamo bidhaa na watu huvuka mipaka bila vizuizi, kama Norway. Inaweza kuwa na umoja wa forodha na Ulaya, yaani kutotozana ushuru na kutoza ushuru mmoja kwa bidhaa za nje, kama Uturuki. Inaweza kutegemea mkataba wa biashara, kama Canada. Au inaweza kuondoka mikono mitupu na kufanya biashara kwa kanuni za Shirika la Biashara Duniani. Watu milioni 17 walikubaliana kuondoka bila kukubaliana waelekee wapi, na kwa maoni yangu karibu kila kelele iliyofuata ilianzia hapo.

Uingereza iliingiaje huko mwanzoni?

Kwa kubisha hodi mara tatu. Rais Charles de Gaulle wa Ufaransa aliikataa mwaka 1963, akaikataa tena 1967, ikaja kuingia tarehe 1 Januari 1973 chini ya Waziri Mkuu Edward Heath. Juni 1975 wananchi wakaulizwa kama wabaki, na asilimia 67 wakasema ndiyo. Wengi wamesahau kwamba siku zile upinzani mkali ulitoka mrengo wa kushoto, ndani ya chama cha Labour na vyama vya wafanyakazi, huku Margaret Thatcher, kiongozi mpya wa chama cha Conservative na waziri mkuu wa baadaye, akipiga kampeni ya kubaki. Baadaye ndipo Ulaya ilipogeuka kuwa kidonda cha Conservative.

Waziri Mkuu David Cameron wa Conservative aliitisha kura ya nini, ikiwa mwenyewe alitaka kubaki?

Kwa hesabu za chama. UKIP, chama cha Nigel Farage kilichotaka kujitoa Ulaya, kilikuwa kikimnyang'anya wapiga kura, na ndani ya chama chake mwenyewe kulikuwa na wabunge waliomsumbua kuhusu Ulaya bila kuchoka. Januari 2013 aliahidi kura ya maoni endapo angeshinda uchaguzi uliofuata. Mei 2015 akashinda, tena kwa wingi ambao wachache waliutarajia, na ahadi ikawa deni. Asubuhi ya tarehe 24 Juni 2016 alitoka nje ya namba 10 Downing Street, makazi ya waziri mkuu, akatangaza kwamba anajiuzulu.

Nani alipiga kura upande gani?

England asilimia 53.4 na Wales asilimia 52.5 walitaka kujitoa. Scotland asilimia 62 na Ireland Kaskazini karibu asilimia 56 walitaka kubaki. London nayo ilitaka kubaki, kwa asilimia 60 hivi. Boston, wilaya ya mashamba ya mboga huko Lincolnshire, ilitia fora kwa kujitoa: asilimia 75.6. Lambeth, kusini mwa London, ilikwenda kinyume kabisa: asilimia 78.6 kubaki.

Umri ulisema mengi. Kwa mujibu wa tafiti za maoni zilizokusanywa baada ya matokeo, vijana wa miaka 18 hadi 24 walitaka kubaki kwa zaidi ya saba kati ya kumi, na wenye miaka 65 na zaidi walitaka kujitoa kwa sita kati ya kumi au zaidi. Elimu nayo ilitenganisha watu kuliko hata kipato. Kwa hiyo simulizi ya kwamba maskini waliwaasi matajiri ni nusu tu ya habari. Vijiji vya kusini mwa England, vyenye nyumba za bei kali na wastaafu wenye akiba, vilitoa kura nyingi sana za kujitoa.

Lile basi jekundu la pauni milioni 350 kwa wiki lilisema uongo?

Lilipotosha, na mamlaka ya takwimu ya nchi yenyewe ilisema hivyo wakati kampeni ikiendelea. Maandishi ubavuni mwa basi hilo la kampeni ya kujitoa yalidai Uingereza inapeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na kuhimiza fedha hizo zipewe huduma ya afya, NHS. Shida ni kwamba tangu 1984 Uingereza ilikuwa na punguzo alilolipigania Thatcher, na kiasi hicho hakikuwa kinatoka nchini kabisa. Ukiliondoa, mchango wa miaka ile ulikuwa kama pauni milioni 250 hadi 275 kwa wiki. Sehemu yake ilirudi tena kwa wakulima, vyuo vikuu na mikoa iliyo nyuma kimaendeleo.

Lakini basi lile lilikuwa na ujanja wake. Kila mara upande wa kubaki ulipojitokeza kusema "si milioni 350, ni milioni 250", msikilizaji alibaki na jambo moja: kumbe ni mamilioni kila wiki!

Na haki itendeke pande zote. Wizara ya Fedha chini ya George Osborne ilionya kwamba kura ya kujitoa peke yake ingeleta mdororo wa haraka, naye akatishia bajeti ya dharura ya kupandisha kodi. Pauni ilianguka usiku uleule hadi kiwango cha chini kabisa dhidi ya dola tangu 1985, ni kweli, ila mdororo haukuja mwaka ule wala bajeti ya dharura haikuonekana. Kuanzia hapo kila mtaalamu aliyeonya kuhusu jambo lolote aliambiwa anatisha watu.

Je, hoja ilikuwa wahamiaji tu?

Hapana, ingawa bila suala hilo sidhani kama kura ingekwenda vile. Mwaka 2004 nchi kumi zilijiunga na Umoja, nane kati yake za Ulaya ya Mashariki. Uingereza, Ireland na Sweden ndizo pekee zilizofungua soko la ajira papo hapo. Nyingine ziliweka vizuizi vya miaka kadhaa. Makadirio yaliyofanywa kwa serikali ya Tony Blair yalitaja watu 5,000 hadi 13,000 kwa mwaka. Waliokuja walikuwa wengi mno kuliko hapo, na Boston niliyoitaja ni mojawapo ya sehemu zilizobadilika sura ndani ya miaka michache, huku shule na zahanati zikibaki zilezile.

Hata hivyo, wengi waliopiga kura ya kujitoa walitaja kwanza mamlaka: sheria za Uingereza zitungwe na bunge ambalo Mwingereza anaweza kuling'oa kwa kura. Hiyo ni hoja halali ya kidemokrasia, na upande wa kubaki uliidharau kwa hasara yake.

Kampeni ilichafuka. Tarehe 16 Juni, wiki moja kabla ya kura, mbunge wa Labour Jo Cox aliuawa mjini Birstall, Yorkshire, na mtu mwenye itikadi kali za mrengo wa kulia. Kampeni zikasimama siku kadhaa, kisha zikaendelea.

Walishinda mwaka 2016. Kwa nini iliwachukua miaka mitatu na nusu kutoka?

Kwa sababu ya zile sura nyingi za kujitoa. Theresa May, aliyemrithi Cameron Julai 2016, alitangaza nia ya kutoka kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha, akawasilisha barua ya Ibara ya 50, yaani taarifa rasmi ya kujitoa, tarehe 29 Machi 2017, na saa ya miaka miwili ikaanza kuhesabu. Kisha akaitisha uchaguzi Juni 2017 ili aongeze wabunge, akapoteza hata wingi aliokuwa nao. Ikabidi aegemee wabunge kumi wa DUP, chama cha Waprotestanti wa Ireland Kaskazini wanaotaka kubaki sehemu ya Uingereza. Kumbuka hao kumi, tutakutana nao tena.

Mkataba aliouleta kutoka Brussels, makao makuu ya Umoja, ulikataliwa mara tatu bungeni. Tarehe 15 Januari 2019 kura zilikuwa 432 dhidi ya 202, na haijawahi serikali ya nchi hiyo katika zama hizi kuangushwa bungeni kwa tofauti kubwa kama ile. Machi 12 zilikuwa 391 dhidi ya 242. Machi 29, siku ambayo nchi ilipaswa kuwa imetoka, 344 dhidi ya 286. Waliomwangusha hawakuwa kundi moja: wengine waliona mkataba unaibakiza nchi Ulaya kwa mlango wa nyuma, wengine waliona unaitoa mbali mno. Walipita mlango mmoja wa kupigia kura kisha wakaachana nje.

Wabunge wakaamua kutafuta wenyewe kinachoweza kupita. Tarehe 27 Machi waliacha ule utaratibu wao wa kupanga foleni kwenye kumbi mbili za "ndiyo" na "hapana", wakapewa karatasi yenye mapendekezo manane, watie alama kwa kila moja. Yote manane yalianguka. Tarehe 1 Aprili wakarudia na manne, yakaanguka manne, na lile la kubaki kwenye umoja wa forodha likakosa kwa kura tatu: 276 dhidi ya 273. Kura tatu! Wapo wabunge wa kubaki waliolikataa au kujizuia kwa sababu walitumaini kupata kura mpya ya maoni. Hawakupata hiyo wala ile.

May akaondoka, Boris Johnson akaingia Julai 2019, akawafukuza kwenye kundi la chama wabunge 21 waliompinga, akapata mkataba mwingine, akaenda kwenye uchaguzi tarehe 12 Desemba na kurudi na wingi wa viti 80. Saa tano usiku wa tarehe 31 Januari 2020 kwa saa za London, ambayo Brussels ilikuwa saa sita kamili, Uingereza ikatoka.

Kwa nini mpaka wa Ireland ulileta shida kubwa namna ile?

Mpaka kati ya Ireland Kaskazini, iliyo sehemu ya Uingereza, na Jamhuri ya Ireland, mwanachama wa Umoja, una urefu wa kilomita 500 hivi, na barabara zaidi ya 200 zinaukatiza. Yapo mashamba yaliyo pande zote mbili. Ukipita leo kwa gari, unachokiona ni kibao cha kasi kinachobadilika kutoka maili kuwa kilomita, na michoro ya barabarani inayobadilika rangi. Haikuwa hivyo zamani. Katika miongo mitatu ya machafuko, watu zaidi ya 3,500 waliuawa, na mpakani kulikuwa na minara ya askari na vizuizi. Mkataba wa Ijumaa Kuu wa Aprili 1998 uliyatuliza hayo, na kutokuwepo kwa ukaguzi mpakani kukawa sehemu ya utulivu wenyewe.

Sasa weka hapo Brexit. Johnson na wenzake walitaka mambo matatu: Uingereza itoke kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha, pasiwe na ukaguzi ndani ya kisiwa cha Ireland, na pasiwe na ukaguzi kati ya Ireland Kaskazini na sehemu nyingine za Uingereza. Unaweza kupata mawili, lolote utakalochagua. Matatu kwa pamoja hayapatikani, kwa kuwa bidhaa inayoingia soko la Ulaya ni lazima ikaguliwe mahali fulani.

May alijaribu kuiweka nchi nzima ndani ya eneo moja la forodha na Ulaya hadi ipatikane dawa. Chama chake kikamkatalia, pamoja na wale kumi wa DUP. Johnson akachagua njia nyingine: ukaguzi ufanyike baharini, kwenye bandari za Ireland Kaskazini, kwa bidhaa zinazotoka England, Scotland na Wales. Kabla ya hapo alikuwa amehudhuria mkutano mkuu wa DUP na kuwaambia hakuna serikali ya Conservative inayoweza kukubali jambo kama hilo. Waliposhtuka, walikuwa wameshachelewa. Duka kuu la Belfast likaanza kuhitaji hati za nyama na soseji kutoka nchi yake yenyewe.

Februari 2022 DUP ikajitoa kwenye serikali ya pamoja ya Ireland Kaskazini, na jimbo likakaa miaka miwili bila serikali. Katikati ya hapo, Februari 2023, Waziri Mkuu Rishi Sunak na Ursula von der Leyen, rais wa Kamisheni ya Ulaya, walitangaza makubaliano ya Windsor: mizigo inayoishia Ireland Kaskazini ipite njia ya kijani yenye karatasi chache, inayoendelea hadi Jamhuri ipite njia nyekundu. DUP ilirudi serikalini Februari 2024. Wapo wafuasi wake ambao hadi leo hawajaridhika, na si vigumu kuwaelewa.

Mahakama ziliingia vipi?

Mara mbili, na zote mbili serikali ilishindwa. Januari 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwa majaji wanane dhidi ya watatu kwamba serikali haiwezi kuanzisha mchakato wa kutoka bila idhini ya Bunge. Kesi ilipokuwa ngazi ya chini, gazeti la Daily Mail liliwaweka majaji watatu ukurasa wa mbele na kuwaita maadui wa wananchi. Septemba 2019 majaji wote kumi na mmoja wakaamua kwamba Johnson alilisimamisha Bunge kinyume cha sheria. Kesho yake wabunge walirudi vitini.

Kwa nini hawakurudia kura ya maoni?

Maandamano makubwa yalijaa London, na mwanzoni mwa 2019 watu zaidi ya milioni sita walitia saini ombi la kufuta barua ya Ibara ya 50. Hoja yao ilikuwa kwamba sasa mkataba unajulikana, basi watu waulizwe kama huo ndio walioutaka. Hoja ya wapinzani ilikuwa nyepesi na kali: mnarudia mpaka mpate jibu mnalolipenda? Labour ya Jeremy Corbyn, yenye wabunge wa London na wa miji ya viwanda ya kaskazini, ilisitasita hadi mwisho, na Desemba 2019 ikapoteza viti vya kaskazini ambavyo ilivishikilia kwa vizazi.

Kilibadilika nini kwa mtu wa kawaida?

Januari 2021, televisheni ya Uholanzi ilionyesha maofisa forodha kwenye bandari ya Hoek van Holland wakiwanyang'anya madereva sandwichi zao, kwa kuwa nyama kutoka nje ya Umoja hairuhusiwi kuingia hivihivi. Dereva mmoja akauliza kama anaweza kutoa nyama abaki na mkate. Ofisa akamjibu hapana, vyote vinachukuliwa, karibu kwenye Brexit, samahani.

Mwingereza haruhusiwi tena kuishi Ulaya anavyotaka. Anakaa siku 90 katika kila siku 180 bila viza. Raia wa Ulaya waliokuwa tayari Uingereza walilazimika kuomba hadhi ya ukaazi, na waliopewa ni zaidi ya milioni tano. Msafirishaji wa nyama anahitaji cheti cha afya kilichotiwa saini na daktari wa mifugo. Pasipoti zimerudi kuwa za buluu, jambo lililoshangiliwa sana, ingawa hakuna sheria ya Umoja iliyokataza rangi hiyo, na vitabu vyenyewe vikaenda kutengenezwa Poland.

Uchumi umeumia?

Umeumia, ubishi ni kiasi gani. OBR, ofisi huru inayoikadiria serikali hali ya uchumi, imeshikilia kwamba tija ya nchi kwa muda mrefu itakuwa pungufu kwa asilimia 4 kuliko ambavyo ingekuwa ndani ya Umoja. Mkataba wa biashara uliofikiwa tarehe 24 Desemba 2020 hauna ushuru wala kikomo cha kiasi kwa bidhaa, ila una masharti ya asili ya bidhaa na makaratasi ambayo kampuni kubwa huyamudu na ndogo huyakimbia. Wanaoitetea Brexit husema janga la korona na vita vya Ukraine vimevuruga hesabu, na ni kweli vimevuruga. Mfano wanaoupenda, kwamba Brexit iliharakisha chanjo ya korona, hauwasaidii: Uingereza iliidhinisha chanjo ya kwanza tarehe 2 Desemba 2020, ikiwa bado inafuata sheria za Ulaya, ambazo ziliruhusu nchi kufanya hivyo kwa dharura.

Wahamiaji walipungua?

Wa kutoka Ulaya, ndiyo. Kwa jumla waliongezeka: tofauti ya wanaoingia na wanaotoka ilipita 900,000 katika mwaka ulioishia Juni 2023, kisha ikaanza kushuka. Mamlaka yalirudi London, na London ikatoa viza.

Scotland itajitenga?

Chama cha SNP, kinachotaka Scotland ijitenge, kinasema Scotland ilitolewa Ulaya kwa nguvu. Mwaka 2014 Waskoti walikataa kujitenga kwa asilimia 55, na mojawapo ya vitisho walivyopewa ilikuwa kwamba wakijitenga watapoteza nafasi yao Ulaya. Novemba 2022 Mahakama ya Juu ilisema bunge la Edinburgh haliwezi kuitisha kura nyingine bila ridhaa ya London, na ridhaa hiyo haijatolewa.

Wanaweza kurudi?

Kisheria, ndiyo, kwa kuomba upya na kukubaliwa na wanachama wote 27. Lakini lile punguzo la Thatcher wasilitegemee, na suala la sarafu ya yuro litafufuka mezani. Tafiti za maoni za miaka ya karibuni zinaonyesha Waingereza wengi wanaona kujitoa kulikuwa kosa. Hata hivyo Labour ya Keir Starmer, iliyoshinda Julai 2024, ilikwenda kwa tahadhari. Mei 2025 ilikubaliana na Brussels kutafuta mkataba wa kupunguza ukaguzi wa vyakula, na ikaziachia meli za Ulaya ziendelee kuvua kwenye maji yake hadi 2038. Conservative na Reform UK ya Farage wakasema huko ni kusalimu amri. Liberal Democrats wakasema ni hatua ndogo mno, ujadiliwe umoja wa forodha. Starmer akarudia kwamba hatarudi kwenye soko la pamoja, umoja wa forodha, wala uhuru wa watu kuhama.